Ng'ombe Juu ya Barafu

Velga Dreimane hakuwa mwanamke wa kusahau. Kuna watu ukiwaudhi watakununia wiki nzima, kisha Jumatatu wanagonga mlango kuomba chumvi. Velga alikuwa na chumvi yake mwenyewe. Kinyongo chake alikilea, akakilisha, akakivalisha sweta wakati wa baridi, na kila asubuhi alipopanda mashine ya kulainisha barafu katika ukumbi wa hoki wa mji wa Vilkupe, alikaa nacho kwenye kiti kimoja. Aliyewekewa kinyongo hicho alikuwa Gunvaldis Pakalns, kocha wa watoto, mwanamume wa masharubu yaliyochanwa vizuri, aliyening'iniza filimbi shingoni hata mazikoni.

Jambo lenyewe lilitokea mwezi wa Januari, Ilvars, mtoto pekee wa Velga, akiwa darasa la nne. Mumewe Velga, Aivis, alikuwa ameshakwenda Ireland kuchuma uyoga kwa muda mfupi, na muda huo mfupi haujaisha mpaka leo. Ilvars alikuwa mtoto wa mwili mkubwa na miguu mirefu, miguu iliyokua haraka kuliko mwenyewe alivyoweza kuifuata. Siku ile alianguka kwenye kona, akainuka, akaanguka tena. Gunvaldis akapuliza filimbi. Watoto wote wakasimama, wazazi waliokuwa kwenye viti vya juu wakainamisha shingo kutazama.

"Nimechoka na wewe," alisema kocha, na ukumbi wa barafu hauna siri, neno likitoka linagonga kuta zote. "Wewe si mchezaji. Wewe ni ng'ombe juu ya barafu. Kamwambie mama yako akutafutie zizi."

Wazazi wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Begi la Ilvars likawekwa nje ya mlango, kwenye theluji, na nafasi yake kwenye kikosi ikapewa mtoto wa mwenye kiwanda cha mbao, yule aliyeinunulia timu jezi mpya. Mji mzima ulijua habari ya zile jezi, na mji mzima ulikaa kimya, maana jezi zilikuwa nzuri.

Velga aliyasikia yote. Alikuwa kwenye lango la mashine, injini inanguruma, anangoja zamu yake ya kuingia. Angeweza kushuka, angeweza kumfuata yule mtu na kumpiga koleo. Lakini alikuwa na kazi moja tu duniani na mtoto mmoja wa kulisha. Kwa hiyo aliingia na mashine yake, akazunguka taratibu, akailainisha barafu ikawa kioo, barafu ambayo mwanawe alikuwa amekatazwa kuikanyaga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungeonekana.

Baada ya hapo watoto wa Vilkupe walipata mchezo mpya. Ilvars akipita mbele ya duka la mikate, wanalia, "Muuu!" Velga akipita, wanalia kwa sauti ya chini zaidi, kwa adabu kidogo. Gunvaldis aliwahi kuwakuta wakifanya hivyo. Alitabasamu, akaenda zake.

Katika nchi ndogo kama Latvia, hoki si mchezo wa kupitishia jioni. Wakubwa wa dunia wana wachezaji wa kumwaga. Sisi wa kwetu tunawajua mmoja mmoja. Kijana wetu akiitwa kwenye ligi kubwa ya Marekani, hata muuza samaki sokoni anaweza kukuambia ni goti lake lipi linalomsumbua. Na yapo maneno mawili ambayo kwetu yana uzito kuliko medali: kocha wa kwanza. Mchezaji akishafika kileleni hakuna anayeuliza analala wapi wala anakula nini. Swali ni moja: kocha wako wa kwanza ni nani? Atakayetajwa anainuliwa na mji mzima. Anapewa maua shuleni, anakaribishwa kwenye redio, anakunywa bia ya bure mpaka anaingia kaburini.

Ilvars alifundishwa katika mji wa jirani na muuza matairi mmoja mnene, marehemu sasa, aliyependa watoto wakubwa wenye miguu mirefu. Velga alimpeleka huko kwa basi, akamrudisha kwa basi, msimu baada ya msimu. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita, Wafini, watu wa Finland, wakamwona kwenye mashindano wakamchukua. Alikaa kwao akala samaki wao na kujifunza ukimya wao, akakomaa akawa beki wa kutisha. Kutoka huko akavuka bahari. Miaka miwili alicheza katika timu ya akiba, kwenye mji wenye upepo ambao Velga hakuweza hata kutamka jina lake. Kisha siku moja beki mmoja wa timu kubwa akavunjika kifundo cha mguu, na Ilvars Dreimanis wa Vilkupe (kwetu ukoo mmoja, mwanamke ni Dreimane, mwanamume ni Dreimanis) akaitwa.

Mechi ile ilichezwa huku kwetu watu wamelala, kwa hiyo mji uliitazama asubuhi yake, kwenye mkahawa wa ukumbi, kwa chai na mikate ya nyama. Velga alisimama nyuma, gauni la kazi mwilini. Kipindi cha pili jitu moja la Kanada likaja mbio na kile kisahani cheusi wanachokipiga badala ya mpira kwenye fimbo yake, Ilvars akageuka, akateleza kinyumenyume, akalibana jitu ukutani mpaka kioo kikatikisika. Mtangazaji akasema maneno ambayo Velga aliyasubiri tangu ile Januari: "Tazameni miguu ya huyu kijana! Miguu gani hiyo!"

"Miguu!" Velga alipiga kelele, chai zikamwagika. "Mmesikia? Miguu! Kasema miguu!"

Furaha yake ilidumu mpaka Ijumaa. Ijumaa Gunvaldis alitokea kwenye televisheni, masharubu yameng'aa, akasema, "Nilimshika mkono hajui hata kusimama. Niliona mapema. Kocha ana jicho." Baada ya wiki chache picha kubwa ya Ilvars ikatundikwa kwenye mlango wa ukumbi, na chini yake kibao: Kocha wa kwanza, Gunvaldis Pakalns.

Velga alikwenda kwa meneja wa ukumbi. Meneja alisema mambo ya zamani ni ya zamani. Akamwendea mwandishi wa gazeti, naye akampa kiti na kumsikiliza, asiandike chochote. Gunvaldis alipoulizwa alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini Velga, amevuta sana moshi wa ile mashine." Ilvars mwenyewe, kila alipoulizwa na wanahabari, alijibu kwamba nyumbani alijifunza kwa wengi. Jibu la kiungwana. Velga alitamani kuurusha uungwana huo dirishani.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Si pesa, si picha, wala si kibao. Alitaka Gunvaldis aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu wa Vilkupe, kwamba alimwita mwanawe ng'ombe na akamfukuza. Kusemewa na wengine hakutaka. Aseme yeye, na wale wale waliocheka wamsikie.

Ndipo ikaja simu ya masika.

"Mama, naoa," alisema Ilvars. "Julai, hapo hapo nyumbani."

"Mwanangu! Nani huyo?"

"Evija. Yule anayechua misuli kwenye timu ya taifa."

"Evija nani?"

"Mama, usikate simu. Evija Pakalne."

Velga hakukata simu. Aliiweka mezani, akaenda dirishani, akarudi, akaiokota. "Binti yake?" aliuliza.

"Binti yake. Mama, yeye si baba yake."

"Najua. Baba yake ana masharubu."

Alilia sana usiku huo. Lakini asubuhi, kwenye mzunguko wa tatu wa mashine, wazo lilimjia, na watu waliokuwa wakifunga viatu vyao vya vyuma pembeni walimwona Velga Dreimane akicheka peke yake. Alizima injini katikati ya uwanja, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaenda moja kwa moja kwa Maruta.

Maruta alikuwa dada yake Aivis yule wa uyoga. Kaka yake alipotoroka, Maruta alichagua upande wa Velga na hakuwahi kuuacha. Ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya ya Vilkupe na mwenye ulimi mkali kuliko wote wilayani. Na kwetu, harusi bila mipasho ni mazishi yenye keki. Upande wa bibi harusi unakaa meza hii, upande wa bwana harusi meza ile, na mnaimbana: ubahili wako, pua yako, kuku wako wembamba, kila kitu halali. Mmoja anaongoza, ukumbi mzima unaitikia mstari wa mwisho. Anayeimbwa haruhusiwi kukasirika wala kujibu kwa maneno makavu. Anajibu kwa wimbo au ameshindwa.

"Wifi," alisema Velga, "nataka kumwimba Gunvaldis."

Maruta aliweka kisu chini. Alikuwa anamenya viazi. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini. Kaa. Unataka pilipili kiasi gani?"

"Yote."

"Yote? Mama wee! Huyo mwanamume ataondoka na masharubu yameungua." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ila nisikilize. Ukimaliza, unaimba wimbo wa amani. Unajua sheria. Umtukane mpaka mizizi ya ukoo wake, lakini mwisho unashika kikombe unaimba amani, ndipo ngoma ianze. Tangu nizaliwe sijaona mtu aliyekataa."

"Akisema alichokifanya, nitaimba."

"Velga."

"Nimesema nitaimba, wifi. Menya viazi."

Ilvars alifika wiki ya harusi, bega pana limejaa mlangoni, meno mawili ya mbele si ya kwake. Siku ya kuamkia sherehe aliwasha moto kwenye nyumba ya mvuke kandoni mwa ziwa, akajichapa majani ya mti wa mbetula kuamsha damu mpaka akawa mwekundu, akatoka kukaa kwenye benchi alikokaa mama yake akisuka mataji ya maua.

"Shangazi Maruta amekohoa mara mbili nilipomsalimia," alisema. "Anakohoa hivyo akiwa na siri."

"Ana mafua."

"Mama. Mnapanga nini?"

"Harusi ina nyimbo. Umekaa sana kwa Wafini, umesahau?"

"Sijasahau kitu." Alitazama maji. "Unadhani nimesahau? Begi langu lililowa, soksi zikaganda zikawa mbao. Lakini nisingefukuzwa, nisingekwenda kwa yule mzee wa matairi, na Wafini wasingeniona. Mimi ya kwangu nimeyamaliza, mama."

"Kwa hiyo tumshukuru?"

"Sikusema tumshukuru. Nasema kesho ni siku ya Evija. Nakuomba."

Velga alisuka ua moja, likakatika, akachukua lingine. Aliona uchungu kwamba mtoto ameyamaliza yaliyo yake. Yeye alikuwa na ya kwake, na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nitaimba anavyoimba mama wa bwana harusi," alisema, na Ilvars, ambaye aliweza kusoma nia ya mshambuliaji kutoka upande wa pili wa uwanja, hakusoma ya mama yake.

Sherehe ilifanyika kwenye ghala kubwa la nyasi lililosafishwa, milango wazi pande zote, jua la Julai likiwa halina haraka ya kutua. Palikuwa na mkate mweusi, jibini la bizari, mbaazi za kijivu zenye mafuta ya nguruwe, na bia ya mtungi. Watu wa Vilkupe walikuja wote, pamoja na wale waliocheka siku ile ya Januari, sasa wana mvi na vitambi. Evija alikuwa msichana mwenye sauti ya chini na mikono yenye nguvu. Alimkumbatia Velga akamwita mama. Velga alimkumbatia pia, na kusema kweli, hakuwa na neno baya kwake.

Upande wa bibi harusi walianza, kama kawaida, na wakamwanza yeye:

"Mama mkwe na mashine,
hukimbia kama kobe;
barafu humngojea
mpaka ikawa tope!"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Velga naye alicheka, akapiga meza. Gunvaldis ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, "mpaka ikawa tope!", filimbi yake ikiruka juu ya tai. Maruta akainuka, akajifuta mdomo:

"Tazameni hao ndugu,
wamejaza mashavuni;
waulizwe jambo moja,
wimbo umo matumboni!"

Vikombe vikagongana. Ikaendelea hivyo, huyu pua, yule upara, mpaka watu walikuwa wamelainika na wametokwa jasho. Hapo Maruta akamgusa Velga kiwiko. Velga akasimama. Hakuwa mwimbaji, sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika.

"Gunvaldis mfuga ng'ombe,
ulimfukuza ndama;
leo ni fahali bora,
wajiita wake mama!"

Waliitikia kabla hawajafikiri, ndivyo desturi inavyofanya kazi: watu mia moja, pamoja na ndugu zake Gunvaldis, wakaimba kwa furaha, "wajiita wake mama!" Gunvaldis alicheka kidogo. Ilvars aliweka uma chini. Velga hakumwangalia.

"Nani alitupa begi
mlangoni, thelujini?
Nani leo kwenye picha
jina lake liko chini?"

Safari hii walioitikia walikuwa wachache, na wazee wa mji waliinamia sahani zao. Kila mmoja alijua. Velga aliona jinsi shingo ya Gunvaldis inavyopanda rangi kutoka kwenye kola kwenda juu, na alisikia raha, raha nzito iliyoshuka mpaka miguuni. Aliimba wa tatu polepole, asipoteze hata neno moja.

"Ng'ombe juu ya barafu,
ni maneno yako hayo;
yatamke mbele yetu,
ama yakukabe koo!"

Hakuna aliyeitikia. Gunvaldis alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Mimi miaka arobaini nimewatumikia watoto wa mji huu..."

"Imba!" sauti ya kizee ilitoka meza ya nyuma.

"Nasema hivi, kama kuna mtu ana lake..."

"Imba, imba! Huku hakuna maneno makavu!" Sasa ilikuwa meza nzima, halafu meza mbili, wanagonga vikombe, maana sheria ni sheria, na watu wanaoona aibu hupenda sana sheria. "Imba, Gunvaldis! Imba!"

Aliwatazama dada zake, dada zake wakatazama mbaazi. Alimtazama binti yake. Evija alikuwa amekaa wima na taji lake la maua, macho yamejaa. Akamwambia kwa sauti yake ya chini, iliyosikika kila mahali, "Baba, kama ni kweli, imba."

Gunvaldis Pakalns hakuwa amewahi kuimba hata kanisani. Alivua filimbi shingoni kana kwamba ndiyo iliyokuwa inambana. Sauti iliyotoka ilikuwa mbovu, ya kukwaruza, haikupanda wala haikushuka mahali pake.

"Nilisema, nilisema,
ng'ombe nilimwita mimi;
nikamtoa kundini,
hakukosa, ila mimi."

Vina vyake vilikuwa "mimi" na "mimi", na hakuna aliyecheka. Kisha aliketi, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimeanguka nusura aende chini, shemeji yake akamdaka. Alionekana mzee. Mikono yake ilitetemeka juu ya kitambaa cha meza, na hakujaribu kuificha.

Basi hiyo ndiyo siku aliyoingoja. Kinywa chenyewe, mji wenyewe, masikio yale yale. Velga alikipata alichokitaka, chote, hakikupungua kitu, tena mbele ya Ilvars. Alingoja moyo ufunguke.

Upande wa bibi harusi waliinuka haraka, wakijaza vikombe, wanawake wengine wakijipangusa machozi, wakaimba wimbo wa amani:

"Tuliimba, tulicheka,
maneno tumeyazika;
jaza kikombe nikupe,
kinyongo kimekauka."

Wakageuka wote kumtazama Velga, kwa kuwa aliyetukana mwisho ndiye anayejibu. Mpiga kinanda alikuwa ameshaweka vidole. Maruta alimsogezea kikombe mkononi. Maneno aliyajua, nani asiyeyajua? Lakini alipomtazama yule mwanamume na mikono yake inayotetemeka, aliona kwamba wimbo mmoja tu haukutosha. Wimbo mmoja kwa miaka yote ile ya mabasi? Kwa "Muuu" mbele ya duka la mikate? Aimbe amani, halafu huyu avae filimbi yake, aende nyumbani alale? Alitaka atetemeke zaidi. Alifunga mdomo akaweka kikombe chini.

"Wifi," Maruta alinong'ona. "Kasema. Uliniambia akisema utaimba."

"Hajamaliza."

"Nini hajamaliza? Unataka afe hapa? Imba, mwanamke!"

Upande wa bibi harusi wakaimba mara ya pili, polepole zaidi, wakimpa nafasi. Velga alikunja mikono. Mnong'ono ulipita kwenye meza, na haukuwa wa kumsema Gunvaldis tena, ulikuwa wa kumsema yeye.

Kabla ya ngoma, kwetu, bibi harusi anavuliwa taji, na mama wa bwana harusi anamfunga kitambaa kichwani. Akishafungwa, yeye ni wa nyumba ile. Kitambaa Velga alikitarizi mwenyewe tangu masika, nyota nyekundu pembeni, na kilikuwa mapajani mwake kimekunjwa. Ilvars alikuja kati ya meza mbili akiwa amemshika Evija mkono. Alikuwa mtulivu, kama anavyokuwa mbele ya goli.

"Mama," alisema, "tunangoja wimbo wako."

Velga alimtazama. "Wewe umesikia alichokisema?"

"Nimesikia. Kila mtu amesikia. Evija amesikia, siku ya harusi yake, na ni yeye aliyemwambia aseme. Sasa imba, mama. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yetu."

Alingoja. Povu la bia lilishuka kwenye vikombe. Velga aligusa kikombe, akafungua mdomo, lakini jicho lake lilikwenda tena kwa Gunvaldis, akaufunga. Ilvars alipumua. Aliinama, akachukua kitambaa mapajani mwa mama yake kwa upole sana, kama mtu anayetoa kitu mkononi mwa aliyelala.

"Shangazi Maruta," alisema. "Njoo umfunge wewe."

"Hapana, mwanangu. Mama yako yupo."

"Namwona. Njoo, shangazi."

Maruta alikwenda analia. Alimvua Evija taji, akamfunga kitambaa, nyota nyekundu zikakaa sawa juu ya paji la uso, na watu wakapiga makofi ya haraka haraka. Kinanda kikaanza. Walikwenda wote katikati ya ghala kucheza, vijana, wazee, wale waliowahi kucheka na wale waliokaa kimya, vumbi la nyasi likapanda mpaka kwenye boriti. Ilvars alicheza na mkewe, halafu na shangazi yake, halafu tena na mkewe, na miguu ile ilikuwa mizuri kuitazama. Hakugeuka upande wa meza.

Mezani walibaki wawili, Velga upande huu na Gunvaldis upande ule, na sahani za watu wengine katikati.

"Toka mbele yangu," alisema Velga.

Gunvaldis aliinua macho, hana hasira wala nguvu za kuwa nayo. "Nitoke niende wapi, mkwe?" alisema. "Mimi pia hawajaniita."